Usiishie kwenye "mizani 8, vina aaab"

Wachambuzi wengi wa tenzi huandika "mizani 8, vina aaab", yaani silabi 8 kila mshororo, mishororo mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne kina chake, kisha wakakimbilia maudhui. Umbo hilo mtunzi amelirithi. La kutafuta ni pale lilipombana, na alivyojinasua. Tuzitazame beti hizi, zilizotungwa kwa zoezi:

Nahodha akasimama
akageukia nyuma
pwani moto ukavuma
mji ukateketea

Uliteketea mji
visima havina maji
wakatoroka wenyeji
wasijue pa kwendea

Kata silabi kwa penseli. "Mji" ni m-ji, mizani 2. Ukiihesabu 1 utapata 7 na kumsingizia mtunzi. Ndivyo ilivyo kwa m-tu na n-chi, ila si kwa mba-li wala nde-ge. Maneno ya mkopo ndiyo yanayoponza: "labda" ni la-b-da, 3.

Kwenye vina andika silabi nzima ya mwisho: -ma, -ma, -ma, -a, kisha -ji, -ji, -ji, -a. Hiyo -a ya mshororo wa nne ndiyo bahari, haibadiliki hadi utenzi uishe. Nakala za zamani zikiandika "kwambiya" badala ya "kwambia", hayo ni maandishi tu, usidai kina kimevunjika.

Sasa takriri, yaani marudio, na hapa usiwe na haraka. Mshororo wa nne umerudi mwanzoni mwa ubeti wa pili, lakini umepinduliwa. Ungerudi vilevile, kina cha mishororo mitatu ya kwanza kingekuwa -a na ubeti mzima ungetoka aaaa, bahari isisikike. Kwa hiyo mtunzi ameboronga sarufi, yaani amepindua mpangilio wa maneno, kupata -ji. Je, -ka- kuwa -li- nako ni kwa ajili ya mizani? La, zote ni silabi moja. Hadi hapo -ka- imejirudia mara 4, tukio likisukuma tukio. -Li- inausimamisha mwendo tuuangalie mji ulioungua, kisha "wakatoroka" inauendesha tena. Hoja ya namna hiyo ina thamani kuliko jedwali zima la vina.

Si kila marudio ni ufundi, lakini. "Nawambia" na "kwa yakini" mara nyingi ni viraka vya mizani. Lifute neno usome kisa: kama hakuna kilichopungua ila hesabu, andika waziwazi kwamba ni kiraka. Utendi wa Tambuka, utenzi mrefu wa zamani wa vita, una beti zaidi ya 1,000, kwa hiyo usihesabu zote; chukua kumi kumi kutoka kwenye dua ya mwanzo, mazungumzo na vita, ulinganishe viraka vimejazana wapi.