Diski ya Zamani Imetoweka Baada ya Kufunga SSD: Je, Imeungua?

Swali: Nimefunga SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya M.2 kwenye kompyuta yangu ya mezani nayo inafanya kazi vizuri, lakini diski ngumu ya zamani, yenye picha na hesabu zangu za miaka mingi, haionekani tena hata kwenye bayosi (programu ya kwanza kuanza kompyuta inapowashwa). Fundi anasema imeungua na anataka kuifomati. Nifanyeje?

Jibu: Usimruhusu kufomati chochote. Diski isiyoonekana kwenye bayosi haiwezi kufomatiwa, kwa hiyo atakachofuta ni kile kinachoonekana, yaani SSD yako mpya.

Katika ubao mama (bodi kuu ya kompyuta) nyingi, tundu la M.2, yaani lile ulilochomeka SSD yako, hutumia njia moja ya data na tundu moja au mawili ya SATA (mfumo wa zamani wa kuunganisha diski), na M.2 inapokaliwa, matundu hayo huzimwa. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha hamishia waya wa data wa diski ya zamani kwenye tundu jingine la SATA. Mwongozo wa ubao mama wako hueleza ni matundu yapi yanayozimwa, na iwapo huzimwa na SSD ya aina yoyote au ya aina moja tu.

Linalonisikitisha kila mara ni imani kwamba M.2 ni aina ya diski, ilhali ni umbo tu. SSD mbili zenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80 zaweza kufanana kabisa, kumbe moja ni ya SATA, isiyovuka takriban megabaiti 550 kwa sekunde, na nyingine ni ya NVMe, mfumo mpya wenye kasi zaidi, ambayo hata kwenye PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia ya data inayotumiwa na NVMe) yaweza kufikia 3,500. Ile ya SATA ikichomekwa kwenye tundu linalopokea NVMe pekee, haitaonekana kamwe, na mtu asiyesoma mwongozo ataitangaza mbovu ingawa ni nzima.

Fundi anayetoa hukumu kabla ya kubadilisha tundu, waya na hata kompyuta hajapima kitu. Anabahatisha kwa data ya mwenzake, ambayo ikifutwa huenda isirudi. Mtake akuonyeshe diski ikishindwa kwenye kompyuta nyingine ndipo umwamini. Ikiwa inagonga-gonga inapowashwa, izimeni mara moja na msiijaribu tena, kwa sababu kila jaribio laweza kuikwaruza zaidi. Na yeyote anayeweka mfumo endeshi kwenye SSD mpya achomoe kwanza waya wa diski ya zamani, asije akachagua diski isiyo yenyewe.