CRP na D-dima za mzee kupanda baada ya kiharusi

Pole kwa kuuguza, ndugu. Umeuliza kama vipimo vya damu vya CRP (protini inayopanda mwili ukiwa na uvimbe au maambukizi) na D-dima kupanda siku ya pili baada ya kiharusi kunamaanisha mzee anazidiwa. Si lazima. CRP hutengenezwa na ini, na ubongo ukiumia inaweza kupanda yenyewe. Mimi ningeangalia zaidi kama ana homa, au anapaliwa akinywa maji. Hapo nimonia ndiyo ya kushukiwa kwanza. D-dima ni mabaki ya bonge la damu linaloyeyuka, ila hata uzee na maambukizi huipandisha. Ikiwa juu sana, muulize daktari kama mapigo ya moyo yamechunguzwa, maana yakienda ovyo bonge huweza kutokea moyoni na kwenda ubongoni. Aspirini usimpe kwa uamuzi wako: vipimo hivi havitofautishi bonge na damu iliyovuja ubongoni, picha ya kichwa ya CT ndiyo inayoonyesha.