Maswali Yenu: Kuishi Ndani ya Nyumba Inayokarabatiwa

Barua nyingi nilizopokea safari hii zimetoka kwa watu wanaokarabati nyumba huku wakiendelea kuishi humo humo, kwa kuwa hawana pa kuhamia. Nimechagua tano.

Shikamoo dada. Tunataka kubadilisha sakafu na dari za vyumba vitatu hapa Tabata. Fundi anashauri tubomoe vyote kwa pamoja ili amalize kwa wiki mbili. Tuna watoto wawili, na mama mkwe anaishi nasi. Tufanyeje?

Marahaba. Fundi ana sababu zake, maana akibomoa vyote kwa pamoja huwapanga vibarua wake vizuri na huleta mchanga na saruji kwa safari moja; lakini jioni yeye huenda kwake, na ninyi ndio mtakaolala hapo. Ushauri wangu ni kwamba, kabla nyundo ya kwanza haijapigwa, mchague chumba kimoja ambacho hakitaguswa hadi mwisho, na chumba hicho kiwe cha mama mkwe na watoto. Hamishieni humo vitanda, vyandarua, sare za shule, dawa na mkoba wa vyeti, na mzibe upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa kilicholoweshwa. Vyumba vingine vifuatane kimoja kimoja, na katika kila chumba kazi ianzie darini ishuke sakafuni, kwa kuwa anayetangulia kuweka vigae huishia kuvikwaruza kwa ngazi na kuvimwagia rangi.

Sakafu ya saruji iliyomwagwa leo isikanyagwe kwa siku mbili walau, imwagiliwe maji kwa muda wa wiki moja, na hata hapo huendelea kukomaa hadi kufikia siku 28. Mkikubali wiki mbili kwa vyumba vitatu, mtajikuta mnaburuta kabati juu ya sakafu ambayo bado ni mbichi.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu kwetu tulibomoa vyote kwa pamoja. Usiku wa tatu nilipokifungua chandarua cha mwanangu ili nimfunike, vumbi la plasta lilimwagika juu ya mto wake kama unga uliochekechwa, na asubuhi aliamka macho yamemvimba. Jambo la mwisho: mwelezeni mama mkwe mapema, mkiwa mmekaa naye, kabla hata ya kununua vifaa. Mzee akishtukia tu kitanda chake kinabebwa na vibarua, atajiona mzigo katika nyumba ya mwanawe.

Jiko letu litavunjwa kwa mwezi mzima. Je, tunaweza kupikia mkaa kwenye korido?

Hapana, tafadhali msifanye hivyo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu wamekufa usingizini kwa sababu yake. Pikieni uani au barazani penye hewa ya kutosha. Kama mnatumia gesi, mtungi usimame wima, mbali na mafundi wanaochomelea. Unga, mchele na sukari vihifadhiwe kwenye ndoo zenye mifuniko inayobana, na siku za kubomoa chakula cha mchana kiwe kimeiva kabla mafundi hawajafika.

Mwanangu ana pumu, nasi tunataka kukwangua rangi ya zamani na kupaka mpya. Niko Morogoro.

Kama una ndugu wa kumpokea, mpeleke mtoto huko kwa siku zote za kubomoa na kukwangua, pamoja na pampu yake. Akibaki, akae mbali na chumba kinachofanyiwa kazi. Vumbi linalodhuru zaidi ni lile laini usiloliona, na ufagio mkavu hulirusha upya hewani hata jioni mafundi wakiwa wameshaondoka. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, kisha pigeni deki. Mashine ya kukatia vigae itumike nje, tena kwa maji. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hilo.

Kuhusu rangi yenyewe, nakuomba uwe mwangalifu sana. Rangi za zamani, hasa za mafuta zilizopakwa milangoni na madirishani, huenda zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Zisikwanguliwe kavu wala kuunguzwa kwa moto. Zilowesheni, tandikeni turubai chini, na mabaki yote yakusanywe siku hiyo hiyo. Mama mjamzito asishiriki kazi hii.

Tunataka kuezua paa la nyumba ya urithi, Tanga. Tuanze mwezi gani?

Epukeni masika, yaani Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo yenye nafuu. Lakini kwanza tazameni paa lenyewe. Ikiwa ni vipande vizito vya kijivu vyenye mawimbi, ambavyo hupasuka badala ya kupinda, huenda ni asbesto, na nyuzi zake zikivutwa puani husababisha saratani. Msiruhusu mtu avivunje, avitoboe wala avitupe jalalani kabla hamjapata maelekezo ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Tuna choo kimoja tu, na ndicho kinachokarabatiwa. Tutaishije?

Kisivunjwe mpaka sinki jipya, mabomba, vigae na saruji vyote viwe vimefika uani kwenu na mmevihesabu wenyewe, kwa sababu siku nyingi za kukosa choo hupotea watu wakisubiri kifaa kimoja kilichosahaulika dukani. Kisha mwendeeni jirani, baba na mama kwa pamoja, mkaombe kutumia choo chake kwa idadi ya siku mtakayomtajia. Maji na sabuni viwe vyenu, na usafi wa kila asubuhi muufanye ninyi. Kwa ajili ya usiku, wekeni ndoo yenye mfuniko kwa watoto na wazee, wasitoke nje gizani wakipita katikati ya kokoto na misumari.