Kwa aliyesema Japani ni kimbilio la walioshindwa Marekani: msome Randy Bass

Mkuu, umeuliza kama Mmarekani anayekwenda kucheza besiboli Japani si mtu aliyeshindwa kwao tu. Nimeishi Kobe miaka kadhaa, nikifanya kazi na watu wanaoipenda Hanshin Tigers, timu ya besiboli ya eneo hilo, kupita kiasi, na jina la Randy Bass, mpigaji Mmarekani aliyeichezea, nimelisikia vinywani mwao kuliko la waziri mkuu yeyote. Acha nikujibu kwa huyo mmoja.

Ukitazama takwimu zake za ligi kuu ya Marekani, utadhani una haki. Kati ya 1977 na 1982 alipita timu tano, akapata wastani wa kupiga wa .212 (yaani mapigo salama 212 katika kila majaribio 1,000) na homurani 9, mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio. Lakini angalia idadi ya mechi: 130 katika misimu sita, wakati msimu mmoja tu una mechi 162! Mtu anaingizwa leo, kesho benchi, keshokutwa anauzwa. Na alipopewa namba ya kudumu katika ligi ya chini, akiwa Denver mwaka 1980, alipiga homurani 37. Uwezo alikuwa nao. Alichokosa ni nafasi.

Hanshin walimchukua 1983. Uwanja wao, Koshien, uko Nishinomiya, katikati ya Osaka na Kobe, jirani na bahari, na upepo wa pale huvuma kutoka kulia kwenda kushoto. Bass alipigia mkono wa kushoto, na wapigaji wa namna hiyo mipira yao mikali huelekea kulia, kukabiliana na upepo. Nimekaa jukwaa la upande huo nikauona mpira umepaa, watu wote tumeshasimama, halafu ukaanza kufa hewani na kumwangukia mlinzi mkononi. Bass alijifunza kuusubiri mpira kidogo na kuupeleka kushoto, upepo umsaidie kuuvusha uzio. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba alikutana na warushaji dhaifu. Alibadili upigaji wake ukubwani, ugenini.

Mwaka 1985 akaongoza ligi yake kwa yote matatu: wastani .350, homurani 54, na mikimbio (yaani pointi) 134 iliyoingia kwa mapigo yake. Hanshin wakawafunga Seibu Lions kwenye fainali na kutwaa ubingwa wa Japani kwa mara ya kwanza. Rekodi ya homurani wakati huo ilikuwa 55, ya Sadaharu Oh, na mechi za mwisho zilikuwa dhidi ya Yomiuri Giants, timu ambayo kocha wake alikuwa Oh mwenyewe. Warushaji wakamkwepa Bass, wanatupa mipira mbali kabisa na gongo lake, asipate wa kupiga na kuifikia rekodi hiyo. Mpaka leo naona haikuwa haki. Mwaka uliofuata akaongoza tena yote matatu, safari hii kwa wastani wa .389, na hakuna aliyewahi kuupita katika msimu mmoja Japani.

Osaka walisherehekea 1985 kwa kuruka mtoni Dotonbori, kila mchezaji akiwakilishwa na shabiki anayefanana naye. Wakakosa Mzungu wa kumwakilisha Bass, wakang'oa sanamu ya mzee wa KFC mwenye ndevu na kuitosa majini. Ilikuja kuopolewa 2009.

Mwisho wake Hanshin unauma. Mwaka 1988 mwanawe aligundulika na uvimbe kwenye ubongo, Bass akarudi Marekani kumuuguza, na klabu ikamwachisha kazi huku wakizozana juu ya gharama za matibabu. Baba gani asingeondoka? Hakucheza tena Japani. Kwao Oklahoma alichaguliwa kuwa seneta wa jimbo mwaka 2004, akakaa humo miaka mingi.

Jumba la heshima la besiboli la Japani lilimpokea 2023, mwaka uleule ambao Hanshin walitwaa ubingwa wao wa pili, chini ya kocha Akinobu Okada aliyecheza naye 1985. Miaka 35 tangu aondoke! Wenzangu wa Kobe walikuwa wanaidai heshima hiyo siku zote, na walikuwa sahihi: walimchelewesha mno.