Kwa Mnaopanda Treina Masika Haya

Wadogo zangu, mvua zimeanza, barabara ya Bagamoyo haipandiki baiskeli, mmehamia kwenye treina, ile mashine inayoishika baiskeli ili mtu akanyage ndani ya nyumba, na kila jioni mnanitumia grafu za mazoezi ambazo wati (nguvu ya kukanyaga) za raundi ya kwanza zimefika mawinguni na ya nne haikumalizika. Kwa kuwa makosa ni yale yale ya kila mwaka, nayaandika mara moja.

1. Raundi ya kwanza isiwe bora kuliko zote. Katika dakika nne mara nne, yaani raundi nne ngumu za dakika nne zenye mapumziko katikati, mapigo ya moyo huchelewa kuzifuata wati; anayekanyaga kwa pupa ili ayaone yakifika asilimia 90 ya kiwango chake cha juu kabla ya dakika ya kwanza kuisha huimaliza miguu ambayo raundi ya mwisho inaihitaji.

2. Feni si anasa. Barabarani mwendo wenyewe huleta upepo, lakini katika chumba cha Dar es Salaam, penye hewa nzito ya unyevu, jasho hudondoka sakafuni bila kuupoza mwili, damu ikagombaniwa na ngozi na misuli, na mapigo yakapanda ilhali wati hazijabadilika. Haya niliyajua, wala hayakunisaidia. Nilipima FTP, yaani wati ambazo mtu anaweza kuzishikilia kwa takriban saa nzima, alfajiri, barabarani, nikachukua asilimia 95 ya wastani wa dakika 20 kama ilivyo desturi, nikaiingiza namba hiyo kwenye treina, kisha nikafunga madirisha ili majirani wasilalamikie kelele. Modi ya ERG, ambayo treina yenyewe hushikilia wati ulizoiwekea, haina huruma: kadensi (kasi ya kuzungusha pedali) ikishuka, mashine huongeza ugumu ili wati zibaki palepale, na ugumu huo huzidi kuishusha kadensi mpaka pedali zisimame. Zangu zilisimama raundi ya tatu, wiki baada ya wiki. Mwenye akili angefungua dirisha, au angepunguza namba kidogo. Mimi niliamua kuwa tatizo ni uvivu, nikaongeza siku za intavali, yaani za raundi ngumu, hadi nikakosa siku nyepesi hata moja. Mapigo ya asubuhi yakapanda, usingizi ukanipaa, na ukali wangu nyumbani ukazidi kiasi kwamba mke wangu alikwenda kununua feni bila kuniuliza.

3. Siku mbili ngumu kwa wiki zinatosha, na siku nyepesi ziwe nyepesi kweli. Nanyi mnaojivunia Tabata, zoezi la raundi fupi za nguvu zote: washiriki wa utafiti wa Japani lilikotoka, uliochapishwa mwaka 1996 walikanyaga sekunde 20 kwa takriban asilimia 170 ya VO2max (ukali ambao mwili hutumia oksijeni yote unayoweza), wakapumzika sekunde 10, raundi saba au nane hadi wakaishiwa kabisa. Ukimaliza ukiwa na nguvu za kujipiga picha, umefanya zoezi jingine, pengine zuri tu.

4. Fanyeni kalibresheni, yaani kuirekebisha treina ipime wati sawasawa, baada ya kupasha mwili, si kabla. Funikeni usukani kwa taulo, maana chumvi ya jasho hula boliti. Umeme ukikatika raundi ya tatu, msianze zote upya unaporudi. Teremkeni, mkaoge, mle.