Deni la zamani: usilipe hata senti kabla ya kuona karatasi

Ndugu yangu, pole kwa hizo simu za asubuhi hadi usiku. Umesema wakusanya madeni wanadai mkopo wa miaka tisa iliyopita, na wanataka utoe kidogo tu "kuonyesha nia njema." Hapo ndipo penye mtego. Katika nchi nyingi sheria huweka ukomo wa muda wa kumshtaki mdaiwa, na malipo madogo, au hata barua ya kukiri deni, yanaweza kuuanzisha upya muda huo.

Waandikie, usibishane kwenye simu. Wataje mkopeshaji wa awali, walete mkataba uliosaini, mchanganuo wa riba na faini, na uthibitisho kwamba deni sasa ni lao. Madeni huuzwa, na matapeli nao hudai (wakali kuliko wenye haki!).

Vitisho vya polisi visikubabaishe. Kwa kawaida deni ni shauri la madai, si jinai. Ila wito wa mahakama ukifika, nenda, hata kama muda wa kukushtaki umepita. Usipojitetea, hukumu inaweza kutolewa ya upande mmoja. Kabla ya hapo tafuta kituo cha msaada wa kisheria, vingi havitozi.