Shangazi, mume wangu muoga kaniharibia safari

Dada mmoja wa Denver, Colorado kaniandikia. Yeye, mumewe na marafiki zao, wanandoa jozi mbili, jumla watu wazima sita, walikodi RV, lile gari lenye vitanda, jiko na choo humo humo, urefu futi 30, wakazunguka hifadhi za milimani, Rocky Mountain, Grand Teton, Yellowstone mpaka Glacier kule Montana. Kufika Glacier mume akagoma kupita ile barabara ya mlimani ya Going-to-the-Sun. Watu wakacheka, shemeji mmoja, mume wa rafiki yake, akasema angepewa yeye usukani mbona wangepita. Tangu warudi mume kanuna na kaapa hasafiri tena na watu hao. Dada anauliza, "nitaishije na mwanaume muoga hivi?"

Pole mwanangu, kununiwa ndani ya nyumba kunachosha. Pole yangu imeishia hapo.

Mumeo hakuogopa, mumeo alisoma kibao. Barabara ile kati ya Avalanche na Rising Sun gari likizidi futi 21 bampa kwa bampa haliruhusiwi, njia nyembamba na sehemu nyingine mwamba umejitokeza juu yako, sasa nyie na futi 30 zenu mlitaka apite wapi? Na wewe mwenyewe umeandika, tena kwa kejeli, kwamba aliwaambia mpande yale mabasi mekundu ya kizamani yanayopandisha watalii mpaka Logan Pass, juu kabisa ya barabara hiyo, mkakataa eti mnataka picha na RV yenu kule juu. Halafu huyo "muoga" ndiye aliyewapitisha Trail Ridge Road kule Rocky Mountain, kimo cha futi 12,183, akateremka kwa gia ndogo breki zisiungue, wewe uko nyuma unarekodi na kumwambia aongeze mwendo maana mmechelewa kambini.

Barua nimeisoma nikairudia. Kila mahali aliyeendesha ni mumeo, aliyevaa glavu kwenda kumwaga tenki la choo ni mumeo, hapo ukarekodi pia ukatupia kwenye grupu watu wacheke. Dipoziti ya RV imekatwa kwenye kadi ya nani? Umeandika "tulichanga wote" alafu mistari kumi mbele unasema wale wengine "watalipa mwisho wa mwezi". Fadhila ya punda mateke.

Sasa tumzungumzie huyo shemeji, maana umemtaja kuliko mumeo. Shemeji mcheshi, shemeji anapenda maisha, shemeji Yellowstone alimsogelea baisoni, nyati wa Marekani, apige naye selfie na mumeo "akapiga kelele akaharibu raha". Mwanangu, sheria ya pale ni kukaa yadi 25 mbali na baisoni, kwa dubu na mbwa mwitu ni yadi 100, mnyama yule ana kilo mia kadhaa na anakimbia kukuzidi. Mumeo alimwokoa mume wa mwenzio na wewe ukaona haya. Mimi sisemi kuna kitu, ila mke akianza kupima ucheshi wa mume wa rafiki yake mimi nakaa macho.

Na nyie wa siku hizi mna hili jambo la kuhamisha ndoa kwenye kundi. Honimuni kundi, anivesari kundi, mkigombana shahidi ni kundi, watu sita mnalala chumba kimoja chenye magurudumu choo kimoja, mtu hata pa kumnong'oneza mkewe "umeniudhi" hana, basi anameza siku zote hizo mpaka anafika nyumbani ananuna. Zamani mume na mke walikosana chumbani wakatoka wamevaa sura moja, wageni hawajui kitu.

Fanya hivi. Futa ile video ya tenki na uandike kwenye grupu hilo hilo kwamba RV ilizidi futi 21 na mume wako alikuwa sahihi, uandike wewe, usimtume mtu. Pesa za dipoziti zidai wewe pia, ni marafiki zako. Yeye mwombe radhi bila kuongeza "lakini na wewe". Mwaka kesho kodini gari dogo muende wawili, Logan Pass bado ipo.